Kuratibu mafunzo ya muziki kwenye kituo cha vijana cha kanisa baada ya shule: watoto 64, vinanda 3, magitaa 5

mratibu_mpya

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Nimekabidhiwa kuratibu muziki kwenye kituo cha watoto na vijana kilicho chini ya kanisa letu hapa Morogoro. Watoto huja baada ya shule Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 10:00 hadi 11:45 jioni. Kuvuka hapo haiwezekani, wanaokaa mbali lazima wafike nyumbani kabla ya giza. Wapo 64: wa miaka 8–10 ni 24, wa miaka 11–13 ni 26, wa miaka 14–16 ni 14. Wengi ni wa usharikani, ila wapo Wasabato, Wakatoliki, na familia chache za Kiislamu zinazoleta watoto kwa ajili ya masomo ya ziada.

Vifaa: vinanda 3 vya funguo 61, magitaa 5 (3 ya nyuzi za nailoni, 2 ya waya), ngoma 4, kayamba 6, ubao na chaki. Walimu ni watatu: mpiga kinanda wa kanisa, kijana wa gitaa, na mwalimu wa kwaya. Wote wanajitolea, wanapewa nauli tu.

Hali ilivyo sasa: kila siku wote 64 wanakuja, wanapokezana ala, na wengi wanaishia kuangalia wenzao. Baada ya miezi miwili, nusu ya watoto wanakuwa wameacha. Mwalimu wa kwaya anataka muda wote uende kwenye nyimbo za ibada na tamasha la kwaya. Na watoto wakiimba, wadogo wananguruma chini kabisa kama wazee. Kuna fedha kidogo ya kuongeza vifaa. Wazo la kamati ni kununua kinanda cha nne.

Nianzie wapi?

---

solfa_kwanza

Asifiwe milele. Anza na ratiba, kinanda cha nne kisubiri. Hata ukipata vinanda sita, watoto 64 wakija siku moja kwa ala moja moja bado wengi watakaa wanaangalia.

Wagawe kwa siku. A ni wale 24 wadogo, B ni 26 wa kati, C ni 14 wakubwa.

Jumatatu: A na C. Wadogo wako na mwalimu wa kwaya muda wote, kuimba, solfa (nota kwa majina do, re, mi) na mapigo. C wako kwenye ala: 6 kwenye vinanda (wawili wawili), 5 kwenye magitaa (kila mmoja na lake), 3 kwenye ngoma. Jumla 14, hakuna anayeangalia.

Jumatano: B peke yao, pamoja na wasaidizi wanne kutoka C. Vinanda 6, magitaa 10 (wawili kwa gitaa moja), ngoma na kayamba 10. Jumla 26. Kundi A siku hiyo wabaki kwenye masomo ya ziada.

Ijumaa: wote, kwaya tu. Hapo ndipo mwalimu wa kwaya anapata siku yake, na ndiyo peke yake.

Jambo la pili, na hili ndilo linalofukuza watoto: acha kupokezana ala kila wiki. Mtoto anayegusa kinanda mara moja kwa wiki tatu hasogei, kila akirudi anaanza upya. Achague ala moja akae nayo wiki 10, kisha aruhusiwe kubadili. Mwaka unabeba vipindi vinne vya wiki 10, viwili Januari hadi Juni na viwili Julai hadi Desemba, ukiacha likizo. Kumbuka darasa la saba wanafanya mtihani Septemba na kidato cha nne wanaanza Novemba, kwa hiyo onyesho kubwa liwe Mei au mapema Agosti. Ukiliweka Oktoba utabaki na nusu ya kundi C.

Dakika 105 za Jumatano zigawe hivi: 10:00–10:15 kufika, mahudhurio, sala. 10:15–10:40 wote pamoja kuimba na solfa. 10:40–11:20 ala. 11:20–11:35 wote wanapiga na kuimba wimbo mmoja wakitumia walichojifunza siku hiyo. 11:35–11:45 kuhesabu na kurudisha ala. Ile robo saa ya kupiga pamoja usiikate hata mkichelewa. Kama lazima kukata, kata dakika kumi za ala.

Sasa solfa. Usianze na ngazi nzima d r m f s l t d' ukutani. Watoto wataikariri kama shairi bila kujua umbali kati ya nota na nota. Anza na s na m, ule mshuko ambao watoto hutumia hata wakiitana uwanjani. Wiki ya pili ongeza l. Ya tatu na nne d, ya tano r. Hapo una d r m s l, na ukiwa na hizo tano unaweza kuimba nyimbo nyingi sana za asili na za ibada. f na t zije mwisho, wiki ya 8 na kuendelea, kwa sababu kati ya m na f, na kati ya t na d', kuna nusu toni tu (hatua ndogo kabisa kati ya nota mbili), na mtoto ambaye sikio halijakaa sawa huimba f juu mno. Ukiona wimbo "unapanda" wenyewe hadi mwisho wake uko juu kuliko kinanda, mara nyingi chanzo ni hiyo f.

Kuandika ubaoni:

| s :m | s :m | l :l | s :– |

Nukta pacha inatenganisha mapigo, mstari wa wima unatenganisha vipimo (makundi ya mapigo). Nukta moja katikati ya pigo inaligawa nusu: | s .s :m | maana yake s mbili za haraka kwenye pigo la kwanza. Kosa linalojirudia kila mahali: kistari "–" kinasomwa kama pumziko. Kistari ni kushikilia sauti. Pumziko ni nafasi tupu. Wafanye waimbe mstari huo huo mara mbili, mara moja wakishikilia na mara moja wakinyamaza, wakipiga goti kuhesabu.

Tumia na ishara za mkono: d ngumi, m kiganja kimelala, s kiganja kimekutazama, na kadhalika. Faida yake kubwa ni kwamba unaweza kuonyesha nota mbili kwa mikono miwili, nusu ya watoto wafuate mkono wa kulia na nusu wa kushoto. Hapo wameimba sauti mbili bila karatasi.

---

altoyakati

Naongezea hilo la kunguruma. Watoto hawana tatizo, wanamfuata kiongozi. Mwanaume akiimba mfano kwa sauti yake ya kawaida, mtoto anajaribu kushuka hadi pale alipo mwalimu, anashindwa, anakwama chini kwenye koo. Dawa tatu, chagua moja: mwalimu aimbe kwa sauti nyembamba ya juu, au binti wa kundi C atoe mfano, au kinanda kitoe nota, mwalimu anyamaze.

Halafu angalia ufunguo, yaani nota inayoitwa do. Kwa miaka 8–10 kaa kati ya C ya kati (ile ya katikati ya kinanda) na D ya octavi inayofuata. Wakubwa kidogo wanaweza kufika E au F ya juu. Nyimbo nyingi za watu wazima zikishushwa ili akina baba wafikie, watoto wanabaki chini ya C ya kati na hapo hawana sauti, wana kelele tu. Wimbo wa nota tano au sita uweke do = D au E♭ (E iliyoshushwa nusu toni) au F, uone tofauti siku hiyo hiyo.

Wavulana wa miaka 12–15 sauti inapovunjika usiwakimbize kwenye besi. Besi ya kweli hawana bado, na ile ya juu imeondoka. Waandikie sehemu ya nota tano sita tu, kati ya G iliyo chini ya C ya kati na F iliyo juu yake. Ikitulia baada ya miezi kadhaa, wasikilize upya mmoja mmoja. Wanaoacha kwaya umri huo wengi huacha kwa sababu waliambiwa "wewe umeharibika sauti" mbele ya wasichana.

Na Ijumaa mwalimu wa kwaya asianze na sauti nne. Wiki 1–4 sauti moja, wote. Wiki 5–7 wimbo wa kufuatana: nusu wanaanza, nusu wanaingia vipimo viwili baadaye. Wiki 8–10 sauti ya pili rahisi, mstari mfupi unaojirudia kama d : s, chini ya wimbo. Ukiruka hatua hizo, sauti ya pili wataziba masikio na kupiga kelele ili wasipotezwe, na hiyo siyo kwaya.

---

nyuzi_sita

Kuhusu magitaa.

Kwanza kabisa: nyuzi za waya zisiwekwe kwenye gitaa la nailoni. Waya unavuta karibu mara mbili ya nailoni, na lile daraja lililogundishwa tumboni litang'oka au ubao utavimba. Hii ndiyo ajali inayoua magitaa mengi ya makanisa, na huwa inafanywa kwa nia njema na mtu aliyekosa nailoni dukani. Yaandike kwa rangi: nukta nyeupe nailoni, nukta nyekundu waya.

Kundi B waanze na nailoni. Waya unakata vidole, mtoto wa miaka 11 ataacha wiki ya pili. Una 3 za nailoni na wanafunzi 10, kwa hiyo fedha ikiwepo nunua mbili za nailoni, ukubwa wa robo tatu, kuliko kinanda cha nne. Wakati huo huo zile 2 za waya wapewe wenye vidole vikubwa.

Wawili kwa gitaa moja inafanya kazi kama yule asiyeshika gitaa ana kazi. Mmoja anapiga dakika 5, mwenzake anapiga mapigo gotini na kutaja kodi (nota kadhaa zinazopigwa pamoja) inayofuata kabla haijafika. Kisha wanabadilishana. Dakika 5 pia ndizo vidole vinavyovumilia mwanzoni.

Kodi za kwanza, zote kwa kidole kimoja:

Em: kidole kwenye uzi wa 4, freti (nafasi kati ya vyuma vya shingo ya gitaa) ya 2, piga nyuzi 4 hadi 1.
G: kidole cha tatu kwenye uzi wa 1, freti ya 3, piga 4 hadi 1.
C: kidole cha kwanza kwenye uzi wa 2, freti ya 1, piga 3 hadi 1 tu.

D inahitaji vidole vitatu, iache hadi wiki ya 5. Ukiwa na G, Em, C na D una nyimbo nyingi mno za sifa. Uzi wa 1 ni ule mwembamba ulio chini, na lisemeni hilo kila siku, maana watoto wanahesabu kutoka juu.

Altoyakati kasema watoto waimbe juu. Sawa, ila usiwafundishe kodi mpya kwa kila ufunguo. Kapo (kibano cha kubana nyuzi zote shingoni) ikiwa freti ya 2, kodi zile zile za G zinasikika A. Freti ya 3 zinasikika B♭. Kapo mbili zinatosha kituo kizima mwanzoni, maana wanaobaki wanapiga ngoma au wanaimba.

Kutyuni (kupatanisha nyuzi): E A D G B E, kutoka uzi wa 6. Mtu mmoja tu ana ruhusa ya kugusa vichwa vya kukazia nyuzi, na afanye kabla watoto hawajafika. Gitaa moja dakika 3, matano ni robo saa. Mkianza kutyuni watoto wakiwa wamekaa, hizo dakika 40 zinakwisha. Nunua akiba ya uzi wa 1 mitatu kwa magitaa ya waya, ndiyo unaokatika. Badilisha seti nzima ukiona kutu, au gitaa likiwa sawa likiachwa wazi lakini linapotea freti ya 12.

Msiyaning'inize kwenye ukuta wa chumba cha bati kisicho na dari. Joto la mchana linalegeza gundi. Yakae kwenye mifuko, yakiwa yamesimama, chumba chenye dari.

---

waya_na_funguo

Vinanda sasa, kwa ufupi maana mengi yameshasemwa.

Tatizo la kwanza ni adapta. Vipo vinanda vya volti 12 na vipo vya volti 9 au zaidi kidogo. Vingi ncha ya kati ni chanya, lakini vipo vya zamani ambavyo ya kati ni hasi. Plagi zinaweza kufanana na kuingiliana. Ukichomeka kisichokuwa chake unaweza kuunguza kinanda pale pale. Angalia mchoro mdogo nyuma ya kinanda wenye duara na alama + na –, ulinganishe na wa adapta, kisha funga karatasi ya namba ile ile kwenye kinanda na kwenye adapta yake. Vyote vitatu vipite kwenye stabilaiza moja. Umeme ukikatika, vinanda vingi vya aina hiyo vinakula betri sita. Kuwa na seti moja ya akiba kwa kile cha kwaya, vingine vipumzike.

Pili, sauti. Vinanda vitatu chumba kimoja na ngoma mlango wa pili, hakuna atakayesikia kitu. Kila kinanda kipate kigawanyo cha hedifoni na hedifoni mbili. Kabla ya kununua pima tundu: vipo vyenye tundu kubwa la milimita 6.35 na vyenye dogo la 3.5, na kigeuzi kinauzwa pembeni. Mwalimu anazunguka na hedifoni yake moja.

Tatu, funika kwa plasta kile kitufe kilichoandikwa TRANSPOSE, kinachohamisha nota zote juu au chini. Mpiga kinanda wa kanisa atakasirika. Mwache akasirike, akipiga Jumapili ataibandua. Mtoto aliyezoea kupiga C tu na kubonyeza kitufe anaanguka siku akikaa kwenye kinanda kingine, au siku mtu aliyetangulia kaacha kitufe kimepanda nusu toni mbili na wenye magitaa wanadhani wao ndio wamekosea. Wiki 10 za kwanza: vidole vitano juu ya C D E F G, gumba ni 1. Kipindi cha pili wahamie G, cha tatu F. Zima na zile biti za kinanda (midundo inayojipiga yenyewe). Kidole kimoja kikileta bendi nzima, mtoto hana sababu ya kuhesabu.

---

mratibu_mpya

Wakuu, mmenifungua sana. Maswali mawili. Hawa A, wale 24, watakubali kukaa kipindi kizima bila ala wakiwaona wakubwa na magitaa? Na mpiga kinanda wetu anasema solfa ni ya zamani, watoto wajifunze nota za mistari mitano moja kwa moja.

---

solfa_kwanza

A wape rekoda, ile filimbi ya plastiki ya mashuleni. Pesa ya kinanda cha nne iende huko na kwenye yale magitaa ya robo tatu. Nunua 26, 24 na mbili za akiba.

Kabla ya kulipa, zitazame matundu. Zipo za mfumo wa Kijerumani na za mfumo wa baroki. Hesabu matundu ya mbele kutoka juu: la 5 likiwa dogo kuliko la 4 ni ya Kijerumani, la 4 likiwa dogo kuliko la 5 ni baroki. Zote ziwe aina moja, vinginevyo F ya mmoja itagombana na F ya mwenzake kwa vidole vile vile. Chukua baroki. Ya Kijerumani ni rahisi kwenye F, lakini F♯ (F iliyopandishwa nusu toni) yake haikai sawa, na ukiwa ufunguo wa G utaihitaji.

Mkono wa kushoto juu, daima. Kidole gumba kinaziba tundu la nyuma. Kisha:

B: gumba na kidole 1 (cha shahada)
A: gumba na 1, 2
G: gumba na 1, 2, 3

Ukiita G "do", hizo ni m, r, d. Kwa hiyo kile walichoimba ubaoni wanakisoma kwenye filimbi bila kujifunza maandishi mapya. Baadaye D ya juu, kidole 2 peke yake bila gumba, ndiyo s. Halafu C, gumba na kidole 2, ndiyo f.

Ikipiga mluzi sababu ni mbili tu: tundu halijazibwa vizuri, au anapuliza kwa nguvu. Mwambie apulize kama anapooza kijiko cha uji, na aanze kila nota kwa ulimi, "du". Abonyeze kisha aangalie ncha za vidole. Akiona alama ya duara kamili, ameziba.

Rekoda haiazimwi. Jina kwa kalamu ya kudumu, mfuko wake mwenyewe. Kuosha ni maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kila Jumatatu wakimaliza. Maji ya moto yanapinda plastiki. Dakika 40 za kupuliza mfululizo ni nyingi kwa umri huo. Wape 20, zinazobaki ni kuimba na kayamba.

---

taa_tate

Nikiwa Kenya naweza kuongeza la mapigo, maana hilo kundi la ngoma mnalichukulia kama mahali pa kuweka waliobaki. Hapo ndipo penye kazi ya bendi nzima. Sisi mashuleni tunatumia majina ya mapigo: pigo moja zima ni taa, nusu mbili ni ta-te, robo nne ni tafatefe, pigo mbili ni taa-aa. Mtoto anasema kwanza, anapiga makofi pili, anapiga ngoma tatu. Asipoweza kusema hawezi kupiga, usimpe fimbo.

Kwa 10 wenu: ngoma kubwa 1 inashika pigo la kwanza na la tatu, ngoma 3 zinapiga ta-te taa ta-te taa, kayamba 6 zinajaza tafatefe. Kasi itakimbia, itakimbia tu, hasa kayamba. Weka mtoto mmoja anayetembea mbele yao, hatua moja kwa pigo moja, wote wamfuate yeye. Badilisheni nafasi kila wiki mbili.

Juu ya nota za mistari mitano: msifanye vita. Solfa kwa A na B, na C waanze mistari mitano kipindi cha pili. Nafasi ya do ikishajulikana kwenye mstari, kusoma kunahama wenyewe. Na anayetaka mitihani ya ABRSM (bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza) au kidato cha nne somo la Muziki huko kwenu atahitaji mistari, huyo mpiga kinanda wenu hajakosea. Amekosea kuanza nayo kwa mtoto wa miaka 8 mwenye rekoda.

---

tarumbeta_jumapili

Kama ni usharika wa Kilutheri na kuna bendi ya tarumbeta, waingizeni C, lakini meno ya mbele ya kudumu yawe yameota na kutulia. Tarumbeta nyingi ni za B♭: mpigaji akisoma C inasikika B♭. Kwa hiyo wakipiga pamoja na watoto, magitaa waweke kapo freti ya 3 wapige kodi za G. Kila mtu abaki na mdomo wake wa chuma (kipande cha kupulizia), uoshwe, na vali zipate matone ya mafuta kabla ya kila mazoezi.

---

mlezi_wa_kituo

Shalom. Walimu wa muziki wamesema yao, nami niseme ya uratibu, maana hapo ndipo vituo huvunjika.

Mwalimu wa kwaya na tamasha. Hilo usilimalize kwa maneno kati yenu wawili. Andika kalenda ya mwaka, upeleke kwenye baraza la wazee, mchungaji atie saini. Iseme hivi: watoto wanaimba ibadani Jumapili moja kwa mwezi, nyimbo mbili, zote zitoke kwenye walichokwisha jifunza. Maandalizi ya tamasha ni wiki nne kabla yake, siku za Ijumaa tu. Baada ya hapo mzee akija Jumatano kuomba "watoto watuimbie kesho kwenye harusi", unamwonyesha karatasi. Bila karatasi utakubali, kisha utakubali tena, na Jumatano imekufa. Mpe mwalimu wa kwaya heshima yake kwa kumkabidhi Ijumaa yote, uchaguzi wa nyimbo na usimamizi wa viongozi wa sauti.

Ulinzi. Sheria ya Mtoto ya 2009 ipo, na kituo kinawajibika. Hakuna mwalimu kubaki na mtoto mmoja chumbani. Vinanda viwili viwili vinasaidia hapo, na mlango unakaa wazi. Gitaa na rekoda zina kishawishi cha kumshika mtoto vidole ili umwelekeze. Onyesha kwenye mkono wako, au mtoto mwenzake amsaidie. Ikilazimu, muombe ruhusa kwa sauti mbele ya wengine. Wasaidizi wanne wa C wasiachiwe kundi bila mtu mzima.

Picha na video: fomu ya mzazi iwe na kisanduku chake peke yake, tofauti na idhini ya kushiriki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusu hilo. Anayekataa apewe nafasi pembeni ya safu, ili kamera ielekezwe kwingine bila kumtoa.

Imani tofauti. Kwenye fomu uliza mambo mawili: mtoto anaweza kuimba nyimbo za ibada? Anaweza kuimba kanisani? Familia ya Kiislamu inaweza kukubali mafunzo ya ala na kukataa hayo mawili, basi mtoto huyo awe na nafasi kwenye ngoma au rekoda siku zake, na Ijumaa abaki kwenye masomo. Angalia pia asigongane na madrasa ya jioni, uliza saa kabla hujampanga. Wasabato: Ijumaa mnafunga 11:45, kabla ya jua kuzama, hakuna shida. Shida ni tamasha la Jumamosi mchana. Waambie wazazi mapema, na usimpe mtoto wa Kisabato sehemu ya peke yake ambayo ikikosekana wimbo unaanguka.

Walimu wa kujitolea. Nauli ilipwe siku ile ile, isikusanywe mwisho wa mwezi. Na kila mwalimu awe na msaidizi kutoka C anayejua hatua inayofuata, kwa daftari moja linalobaki kituoni: tarehe, waliohudhuria, tumefika wapi, nini kimeharibika. Mwalimu akihama, daftari halihami.

---

mratibu_mpya

Asanteni sana. Nimeipeleka ratiba ya siku tatu kwa kamati, na ombi la rekoda 26, magitaa mawili ya robo tatu, kapo mbili na hedifoni sita za watoto. Bado hawajajibu kuhusu kinanda cha nne lakini hawajakataa.

La mwisho: kupima maendeleo. Kamati inataka ripoti.

---

altoyakati

Wiki ya 10 ya kila kipindi, dakika 2 kwa mtoto, mmoja mmoja, mwenzake na msaidizi wakiwepo. Vitu vitatu: aimbe vipimo vinne vya solfa ambavyo hajawahi kuviona, apige makofi vipimo viwili vya mapigo, apige kipande alichochagua mwenyewe. Alama ni tatu tu: anaweza, anaweza akisaidiwa, bado. B 26 kwa dakika 2 ni dakika 52, na walimu watatu wakigawana zinaingia kwenye muda wa ala wa Jumatano moja. A na C Jumatatu ya wiki hiyo hiyo.

Kwenye ripoti ya kamati weka na mahudhurio kwa kundi. Kundi A likishuka ghafla, angalia kwanza kama uji umechelewa au masomo ya ziada yamehamishwa, kabla hujamlaumu mwalimu.

---

nyuzi_sita

Na funguo za stoo ya ala ziwe mbili: moja kwako, moja kwa mlezi wa kituo. Isiwe ya tatu kwa kwaya ya vijana. Wakitaka kuazima gitaa la mazoezi yao, wasaini kwenye daftari, na walirudishe Jumatatu saa 9:30 alasiri ili lityuniwe kabla watoto hawajaingia.